Mawimbi ya Masika: Ukija Mombasa na Ubao Wako

Kila Aprili ikikaribia, jamaa zangu wa bara huanza kuniuliza kama waje Mombasa na mbao zao za kuteleza mawimbini au wangoje Desemba. Nawajibu vile vile miaka yote: ukitaka kuota jua, ngoja Desemba, ukitaka mawimbi, njoo mvua ikinyesha. Wakati wa kaskazi, upepo wa miezi ya Desemba, bahari yetu hulala. Upepo wa kusi ndio unaoiamsha, nao huanza kushika mwezi wa nne, masika yakiwa yameshapiga hodi. Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, bahari huwa imeshachafuka vizuri kwa mawimbi. Wanaosema waje Julai wapate mawimbi bila mvua hawakosei sana, ila kusi huwa kali zaidi wakati huo, na upepo ukizidi, mawimbi huvunjikavunjika. Wa kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, watafurahi. Wa ubao watanuna.

Mvua yenyewe haina neno. Ukiwa majini umesharowa, na maji ya bahari Mei bado yana uvuguvugu. Tena ya kwetu mara nyingi hupiga usiku au alfajiri, ikamwaga, ikakata, jua likatoka mchana kama hakukutokea kitu.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni mwamba. Kuanzia Nyali, Bamburi hadi Shanzu, mwamba wa matumbawe umekaa mbele ya pwani kama ukuta wa boma, na mawimbi makubwa huvunjikia huko nje. Maji yakipwa, ndani ya mwamba kunabaki kidimbwi cha kuogeshea watoto. Maji yakijaa, mawimbi huupita mwamba yakafika ufuoni, yakiwa yamepungua nguvu lakini yanabeba mtu. Kwa anayejifunza, hapo ndipo pazuri, maana chini ni mchanga na hakuna wimbi la kumvunja shingo. Fundi aliyezoea mawimbi ya Indonesia atachoka siku ya pili. Huyo namwelekeza Malindi, ambako mwamba umeachia nafasi na bahari inaingia wazi, ila ajue kwamba masika Mto Sabaki huyageuza maji ya huko kuwa rangi ya chai ya maziwa. Mto huo huo juu unaitwa Athi, kwa hiyo udongo wa bara huwahi kufika Pwani kabla ya watu wa bara wenyewe.

Basi safari ipange kwa mwezi wa angani, usiipange kwa wikendi. Waulize wavuvi, watakwambia habari za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa kishindo, na maji mafu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu bahari haijai sana wala haipwi sana, na mawimbi yanayofika ufuoni ni ya kusikitisha. Mwezi unapoandama au kupevuka, maji hujaa kama saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, kisha kila siku huchelewa kidogo. Siku mbili tatu baadaye, kujaa kwa asubuhi kunaangukia jua linapochomoza, upepo ukiwa bado haujapata nguvu. Asubuhi hizo ndizo za kuzifukuzia. Ukifika saa tano umejipaka mafuta ya jua, utakuta watu wanatembea kwa miguu kuelekea mwambani.

Kinachonitia hofu masika ni maji ya nchi kavu. Mvua kubwa ikipiga mjini, mitaro hufurika, vyoo vya mashimo hufurika, na vyote hivyo huishia kwenye hori za Tudor na Mtwapa, kisha baharini. Ukiona maji ya kahawia yenye taka, acha ubao ukutani siku mbili, hata kama mawimbi yanakuita kwa jina. Ukiwa na kidonda, usijaribu kabisa. Vaa viatu vya maji pia, kwa sababu maji yakiwa machafu huwezi kuona wale wanyama wa baharini wenye miiba mieusi waliojificha kwenye mawe.

Jihadhari pia na milango ya mwamba, yaani mapengo yake. Maji yaliyoingia kwa juu lazima yatoke, na hutoka hapo, kwa kasi, hasa bamvua likianza kupwa. Muulize mvuvi wa ufuo huo mlango uko wapi kabla hujafunga kamba ya ubao mguuni. Likitolewa onyo la hali ya hewa, litii. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoelekea pwani ya Tanzania, hata kwetu watu waliambiwa wakae mbali na bahari, na walionung'unika zaidi walikuwa wageni wenye mbao.

Malazi hushuka bei Aprili hadi Juni, kwa hiyo usikubali bei ya kwanza. Lakini kabla hujalipa, piga simu uulize mambo mawili: jiko linafanya kazi, na kuna ujenzi? Hoteli nyingi hungoja Mei ndio zibomoe kuta, na zingine hufunga kabisa. Chukua chumba chenye feni na chandarua kizima, maana mbu wa masika hawana likizo, na hapa malaria ipo, dengi nayo hujitokeza. Mchanga wa Nyali utaukuta umejaa mwani uliosukumwa na kusi. Unanuka kidogo, hauumi. Nguo za kuogelea beba jozi mbili tatu, kwani Mei nguo ikianikwa leo, kesho bado mbichi.