Kunenepa peke yake hakutoshi

Unasema simba wa bustani ya wanyama akinenepa na kuzaa, basi hana shida. Sivyo, ndugu. Kaavan, tembo wa bustani ya wanyama ya Islamabad, Pakistan, alikuwa mnene kupita kiasi, lakini alishinda akiyumbisha kichwa huku na huku, mpweke tangu mwenzake Saheli afe mwaka 2012. Mwaka 2020 akahamishiwa Kambodia.

Wataalamu huangalia lishe, makazi, afya na tabia, kisha ndipo hukadiria mnyama anajisikiaje. Mimi ningeanza na tabia: kaa nusu saa mbele ya kizimba. Akizunguka njia ileile bila kukoma, pana kasoro, hata manyoya yang'ae vipi. Ila mazoea hayo huweza kubaki hata baada ya makazi kuboreshwa, kwa hiyo uliza pia alikotoka.