Jibu: Dola 2,500 za kazi kwenye barua ya msaada

Dada, umeuliza kama dola 2,500 za kazi, ambazo chuo cha Marekani kimemwandikia mdogo wako kwenye barua ya msaada wa masomo, mzipunguze kwenye ada mnapopiga hesabu ya kuuza kiwanja. Msizipunguze. Ni mshahara, ataupata kidogo kidogo akishafanya kazi, labda maktaba au jikoni chuoni, na mara nyingi kazi yenyewe anaitafuta mwenyewe akifika. Bili ya muhula wa kwanza haiusubiri.

Kwa viza ya F-1 (ile ya mwanafunzi), wakati wa masomo mwisho ni saa 20 kwa wiki, kazi za chuoni. Mpango wa serikali ya Marekani wa kulipia kazi za wanafunzi hauwahusu wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo aulize ofisi ya misaada: hela hizi ni za chuo? Akikosa kazi, pengo linazibwaje? Apate jibu la maandishi kabla hamjauza hicho kiwanja, tafadhali.