Usiguse nyuzi 850 bila modifaya: kupima madini ya risasi (lead) kwenye maji ya kisima yenye chumvi

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo tanuru ya grafiti, mashine inayochoma tone la maji ili isome metali iliyomo, usiiwashe kesho kwa programu uliyopewa.

Umeandika kwamba unapima risasi kwenye maji ya visima vya pwani, moshi wa chumvi unaoziba mwanga wa taa unakuwa mwingi, na "mtaalamu" kakushauri upandishe joto la kuchoma hadi 850 na uachane na modifaya (dawa inayoishikilia risasi isipae kabla ya kusomwa) kwa sababu inachafua blanki (maji yasiyo na risasi, ya kulinganishia). Halafu ukauliza tyubu ipi ya grafiti inadumu, chupa zioshwe vipi, na kama kadimiamu inaweza kupita kwenye programu hiyo hiyo. Hayo mengine tutayafikia. Huyo mtaalamu nadhani namfahamu, na kama siye basi ni ndugu yake wa tumbo moja, maana maneno ni yale yale niliyoambiwa mimi.

Kijana aliyekuja kutufungia mashine, tai shingoni kwenye joto la Februari, alituachia programu iliyochapwa: kausha 110 kisha 130, choma 850, atomisha 1600 (hapo ndipo risasi inavukizwa na kusomwa), safisha 2450. Programu safi kabisa. Ila aliinakili kutoka kitabu cha mashine, na kitabuni hiyo 850 inakwenda na modifaya, fosfeti ya amonia pamoja na nitreti ya magnesi. Nilipomuuliza tuagize wapi, akacheka. "Hizo ni za wenye bajeti. Maji ni maji." Nikamwamini. Nilikuwa na diploma, cheti cha mafunzo ya siku mbili, na haraka ya kumridhisha bosi.

Dalili ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hapa ndipo ninapojichukia. Mikrolita 20 za standadi (maji yenye risasi ya kiasi unachokijua) ya mikrogramu 30 kwa lita maana yake umeweka pikogramu 600 za risasi kwenye tyubu. Kwa mashine yetu kitabu kinasema pikogramu 30 zitoe ishara yenye eneo la 0.0044. Hesabu ya darasa la saba: ilitakiwa isome karibu 0.09. Ilisoma 0.02. Nikasema taa imezeeka, tukanunua taa. 0.02. Nikasema tyubu, tukabadilisha tyubu. 0.02. Nikaanza kuwashuku hadi wauza agoni, ile gesi inayopita kwenye tyubu. Kila mtu alishukiwa pale maabara isipokuwa ile karatasi ya programu niliyoibandika ukutani kwa selotepu kama picha ya harusi.

Kilichonimaliza ni grafu. Standadi zote zilikuwa zinapoteza risasi kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo mstari ulinyooka kama reli, R² 0.998 (1 ndio mstari kamili). Na sampuli ya kuhakiki niliitengeneza mwenyewe kwa maji safi na asidi ya nitriki kidogo, sawasawa na standadi. Ikatoka vizuri. Ingeachaje? Nilikuwa namuuliza mwizi kama kaiba.

Sasa maji ya kisima yana chumvi. Klorini inaikamata risasi inakuwa kloridi ya risasi, na kloridi haingoji ufike 850. Inaanza kupaa mapema zaidi, inatoka na agoni, na mashine wala haijaanza kusoma. Inayobaki inaondoka na chumvi yenyewe inapovukizwa. Ukifika kuatomisha, tyubu ni tupu. Moshi hakuna, ni kweli, alikuahidi hakutakuwa na moshi! Mstari wa moshi unalala bapa kama chapati na wewe unafurahi.

Sampuli 46. Zote nikaandika "chini ya kiwango cha kugundulika" nikatia saini. Mteja, Mungu ambariki ingawa siku ile sikumwombea baraka, alikuwa na chupa pacha za visima viwili, akazipeleka kwingine. Moja ikasoma mikrogramu 14 kwa lita, nyingine 22. Mwongozo wa WHO ni 10. Kuna watu walikuwa wanakunywa yale maji kwa saini yangu. Ripoti zote zikarudishwa, kazi ikarudiwa bure, mteja hatukumwona tena, na yule wa tai alipopigiwa simu akasema kwani hatukusoma kitabu.

Basi jambo langu ni moja. Usiripoti namba yoyote kabla hujaweka spaiki kwenye maji ya kisima CHENYEWE. Siyo kwenye blanki wala kwenye standadi. Chukua sampuli yako, ongeza risasi unayoijua, tuseme mikrogramu 20 kwa lita, pitisha, toa ya mwanzo, uone zimerudi ngapi. Kati ya 17 na 23, endelea. Mimi nilipokuja kufanya hivyo, kwa programu ile ile ya ukutani, nilitia 20 zikarudi 2. Dakika kumi za kazi. Dakika kumi, mkuu!

Sampuli hiyo hiyo yenye spaiki ndiyo utakayotafutia joto la kuchoma. Anza 400, panda mia mia hadi 1100, piga mara mbili kila hatua, soma eneo na siyo urefu wa kilele. Ishara ikianza kuanguka, rudi chini nyuzi 50 hadi 100, hapo ndipo pako. Modifaya yangu ni fosfeti asilimia 1 na nitreti ya magnesi asilimia 0.06, mikrolita 5 juu ya kila sampuli, kila standadi na kila blanki. Ni kweli fosfeti ya bei rahisi huja na risasi yake. Nunua iliyo safi, usiitupe dawa kwa sababu chupa ni chafu. Chumvi ikizidi, nitreti ya amonia husaidia kuiondoa klorini kwenye joto la chini, au zimua maji mara tano.

Na nimeona mwishoni umesema chupa za kukusanyia umetia asidi ya haidrokloriki. Haidrokloriki! Yaani klorini ya kisima haikutosha ukaongeza ya dukani? Nitriki, mkuu, nitriki peke yake.

Tyubu nunua ile inayotajwa kwenye kitabu cha mashine yako. Kadimiamu ulikuwa umeuliza nini? Basi, tutarudi. Kesho asubuhi piga hiyo spaiki kwanza, ulete namba hapa.