Insha ya chuo: pata jibu lako kabla hujagusa utangulizi

Mdogo wangu, umesema umejaza kurasa sita, ukapata 8 kati ya 20, na mhadhiri akaandika maneno mawili tu: "Hujajibu swali." Nakuelewa kabisa. Mwaka wa kwanza yalinikuta hayo hayo, hapa hapa Mwanza.

Swali letu lilikuwa: "Jadili athari za sangara kwa maisha ya wakazi wa kando ya Ziwa Victoria." Nilianza na ukubwa wa ziwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nchi tatu zinazopakana nalo, mito inayoingia. Ukurasa mzima na nusu. Kisha nikashusha pointi sita kama tulivyozoea sekondari: ajira, fedha za kigeni, kupungua kwa furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa wanaoliwa na sangara), na kadhalika. Hakuna pointi iliyokuwa ya uongo. Lakini pembeni, kwa kalamu nyekundu, mhadhiri aliuliza mara tatu: "Kwa hiyo?"

Tulipewa nafasi ya kurudia. Jumamosi nikaenda Igogo kwa shangazi, anakaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Nikaanza kumsomea. Sikumaliza aya ya pili. Akageuza panki kwenye karai, akaniuliza: "Sasa wewe mwenyewe unasemaje? Sangara katufaa au hajatufaa?"

Sikuwa na la kumjibu.

Tukabishana mpaka ndoo ya mapanki ikaisha. Yeye alisema bila sangara asingesomesha watoto. Mimi nikasema minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mifupa. Niliondoka na sentensi moja, nikaiandika nyuma ya daftari: "Sangara alileta kazi na fedha Mwanza, lakini viwanda vilipoanza kuuza minofu nje, samaki mnono akawa ghali kwa watu wale wale wanaomvua." Hiyo ndiyo hoja kuu. Ukubwa wa ziwa ukatoka wote, haukuwa na kazi. Kwamba sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, kisha akazagaa miaka ya 1980, kukabaki kwa mstari mmoja. Furu naye alibaki, ila sasa alikuwa na sababu ya kuwepo: alikuwa kitoweo cha mtu wa kipato kidogo, akapungua, pengo likabaki mezani. Na maneno ya shangazi kuhusu ada niliyapa aya nzima, maana yalipinga hoja yangu, na insha inayokwepa upande wa pili inaonekana inaogopa.

Kwa hiyo anza hapo. Hoja iandike kwanza kwa Kiswahili, hata kama insha ni ya Kiingereza. Wengi wetu tunaficha ukosefu wa wazo nyuma ya Kiingereza kigumu. Kwa Kiswahili huwezi kujidanganya. Ukishaipata, andika sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, zifuatane kwenye karatasi moja. Zisome mfululizo. Kama hazijengi hoja, usijaze aya bado, panga upya. Utangulizi uandike mwisho kabisa.

Angalia pia kitenzi cha swali. "Eleza" si "tathmini"; ukiambiwa tathmini, lazima upime na utoe hukumu. Na kila unapochota wazo kwenye kitabu, andika papo hapo jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Ukingoja usiku wa mwisho utapoteza, na utaonekana umenakili.

Rasimu ikiisha, ilaze siku moja, kisha isome kwa sauti. Mimi nilikuwa nasomea mawe ya Malimbe jioni, pasipo na mtu. Ulimi ukikwama, sentensi hiyo ni ndefu mno au hujui unachosema. Ikate.

Sasa weka hapa swali lenu kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, na chini yake jibu lako kwa sentensi moja. Usitume kurasa sita. Nitapita baada ya saa mbili usiku nilisome.