Tumehamia Kwetu, Utulivu Umebaki Wapi?

Miongoni mwa barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili, tatu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: maisha yamebadilika, tena mengine yamebadilika kwa heri, na bado nyumba haitulii. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu wasomaji wengi wa Dar es Salaam watajiona ndani yake.

SWALI: Mpendwa mshauri, mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 5. Tulipanga Sinza kwa miaka 11, na mwaka jana tukahamia kwetu Kibamba, nyumba ikiwa na vyumba viwili tu vilivyokamilika, kwa sababu tuliona kodi ya miezi sita tuliyotakiwa kulipa ni heri tukaimalizie madirisha. Tulidhani tukishaachana na kelele za baa na foleni ya bomba la uani tutapumua. Mambo yamekuwa kinyume. Watoto wamebaki katika shule yao ya mchepuo wa Kiingereza huko Sinza, kwa hiyo gari la shule linawachukua saa kumi na moja alfajiri, nao huamka saa kumi na nusu. Mume wangu ana duka la vipuri Kariakoo na hufika nyumbani saa tatu usiku. Dada wa kazi aliondoka baada ya miezi minne akisema huku ni porini. Kisha baba mkwe alifariki, na mama mkwe akaja kutoka Lushoto kuishi nasi. Hana maneno mengi, ila kila asubuhi namkuta ameshika jembe, nami namsihi apumzike maana naona haya majirani watasema namfanyisha kazi. Jumamosi watoto wana tuisheni. Jumapili baada ya kanisa mimi nina kikoba na kamati za harusi, vyote Sinza. Hatugombani na mume wangu, lakini siku hizi hatuzungumzi, tunapeana taarifa tu. Nimebandika ratiba kwenye friji mara tatu na zote zimeshindwa. Nifanye nini?
*Mama wa watatu, Kibamba*

JIBU: Mama wa watatu, nimeisoma barua yako mara mbili, na katika usomaji wa pili nilihesabu ni mara ngapi umeitaja Sinza. Shule iko Sinza, kikoba kiko Sinza, kamati ziko Sinza. Kibamba mmehamisha vitanda na masufuria. Maisha yenyewe hamjayahamisha bado, na kila siku familia nzima inasafiri kwenda kuyafuata huko yalikobaki. Ndiyo maana ratiba zako hazikudumu. Ratiba hupanga yale yanayoweza kuingia katika siku moja, na siku yenu imekwisha kuliwa na barabara ya Morogoro kabla hujashika kalamu. (Nami niliwahi kubandika moja kwenye friji. Mwanangu aliichorea tembo, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyofanya.)

Kwa hiyo sitakupa ratiba ya nne. Tuanze na gari la saa kumi na moja, kwa kuwa hilo ndilo linaloamuru mengine yote. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 katika kila siku, na yule wa miaka mitano anahitaji zaidi ya hapo. Fanya hesabu: anayeamka saa kumi na nusu usiku, ili apate hizo saa 9 za chini kabisa, inampasa awe amelala saa moja na nusu jioni, yaani kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, kabla ya baba yake kupanda gari la kurudi na pengine kabla ya ugali kuiva. Hakuna nyumba ya Kibamba inayoweza hilo. Watoto wako basi wana deni la usingizi la kila siku, na mtoto mwenye deni hilo hulialia, hususia chakula na hukataa kuvaa soksi. Wewe unauona huo kuwa utovu wa nidhamu, unapandisha sauti, na hapo ndipo nyumba inapochafuka kabla hakujakucha.

Ushauri wangu ni kwamba wadogo wawili wahamie shule iliyo karibu na nyumbani, na wahame mwezi wa Januari mwaka wa masomo unapoanza. Ikiwa huyo wa miaka 9 yuko darasa la nne, amalize kwanza Upimaji wa Kitaifa pale alipokwisha kusajiliwa. Mkubwa, ikiwa anakaribia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mwacheni amalizie alipoanzia. Uchovu wake una mwisho unaojulikana, na kumng'oa sasa kungemletea hofu mpya. Najua kinachowazuia, kwa kuwa ndicho kinachowazuia wazazi wengi: mmeilipia shule ile kwa miaka, watoto wanaongea Kiingereza vizuri, na mnaona kuwa kuwatoa ni kushuka daraja. Lakini ninyi wenyewe hamjafika kuziona shule za jirani. Chukueni asubuhi mbili mwende mkasimame getini wanafunzi wanapoingia, mhesabu watoto katika darasa moja, mwombe kuona madaftari yaliyosahihishwa, na mzungumze na wazazi wawili watatu ambao watoto wao wanasoma hapo. Shule za binafsi mtazikuta, za serikali zisizotoza ada mtazikuta pia, na kati ya hizo iko inayofaa. Fedha ya gari la shule mtakayoiokoa kwa watoto wawili itakamilisha chumba cha tatu.

Sasa mama mkwe, na hapa naomba uniwie radhi kama nitasema kwa ukali kidogo. Mama huyu, kwa muda mfupi, amepoteza mume, nyumba yake, majirani zake, shamba lake na hata baridi aliyoizoea maisha yake yote. Ametoka Lushoto, wilaya ambayo mboga na matunda yake hupakiwa kila siku kuja kulisha jiji hili, kwa hiyo jembe analolishika asubuhi ndicho kitu pekee hapo kwenu anachokijua kwa jina. Nawe, kwa nia njema kabisa, unamnyang'anya. Majirani watakaosema unamfanyisha kazi ni wale wasiojua mjane anavyojisikia akikalishwa kwenye kiti cha plastiki kuanzia asubuhi hadi jioni kama mgeni asiyeondoka. Mkatie matuta matatu nyuma ya nyumba, mnunulie mbegu za mchicha na figiri, umtafutie mashina ya matembele, kisha umwachie aamue mwenyewe nini kiote wapi. Ukimwona ameinama usimwambie apumzike. Mpelekee chai huko huko, na siku ukipata dakika kumi, kaa naye ukichambua mboga. Wengi wetu tulipata mazungumzo yetu mazuri na wakwe zetu mikono ikiwa na kazi.

Wadogo wakianza kurudi saa tisa alasiri kutoka shule ya karibu, watamkuta bibi yao nyumbani, na hilo litapunguza haja ya dada wa kazi. Lakini jambo hili asiombwe na wewe, wala asipewe kana kwamba ni zamu. Mume wako akae na mama yake, amweleze kwa heshima, na amsikilize kama yuko tayari na kwa kiasi gani. Kuwapokea watoto na kuwapa uji ni jambo moja. Kufua na kupika kwa ajili ya watu sita ni jambo jingine, na akikubali la kwanza msimtwike la pili kimyakimya.

Kikoba usikikimbie. Una hisa humo, pengine na mkopo, na anayetoka katikati ya mzunguko huwaumiza wenzake na kujiumiza mwenyewe. Subiri kikundi kivunje na kugawana mwisho wa mzunguko, uage vizuri, kisha ujiunge na akina mama wa hapo Kibamba, ambao kwa vyovyote ndio watakaokujia kwanza ukiugua usiku. Kamati za harusi ni rahisi zaidi: endelea kutoa ahadi yako na kuilipa kwa simu kwa wakati, lakini uache kukaa vikaoni. Nimehudhuria vikao vya aina hiyo vilivyotumia Jumapili tatu kuamua rangi ya vitambaa vya meza. Aliyekwisha kupokea mchango wako hatakuuliza ulikuwa wapi.

Kuhusu tuisheni ya Jumamosi, iondoe kwa muhula mmoja uone matokeo. Mtoto aliyelala huelewa darasani yale ambayo mchovu hufundishwa mara mbili.

Kwa mume wako sina mengi. Mwenye duka anajua siku ambayo biashara hulala, na ikiwa ni Jumatano au siku nyingine yoyote, siku hiyo afunge saa tisa alasiri ili aingie nyumbani kungali mchana. Asije na jambo la kujadili. Aje aone nyumba yake mwenyewe kwenye mwanga, kwa maana tangu mhamie huenda anaijua kwa taa tu.

SWALI: Mshauri, nimeajiriwa katika ofisi moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, na mke wangu ana cherehani ya kushonea nyumbani. Tuna mtoto mmoja wa miaka mitatu. Tangu treni ya umeme ianze tunafikiria kuhamia Morogoro, tukaishi kwa utulivu chini ya milima ya Uluguru, nami niwe naenda kazini kwa treni na kurudi kila siku. Safari haifiki saa mbili. Wenzangu wananicheka. Je, ni ndoto?
*Baba wa mmoja, Tabata*

JIBU: Ndugu yangu, ndoto si mbaya, mbaya ni hesabu yake. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza mwezi Juni 2024, nauli iliyotangazwa kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Kwenda na kurudi ni 26,000, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 572,000 kila mwezi, bila bajaji ya kukufikisha stesheni wala chakula cha mchana. Mshahara wako unaujua wewe. Na hizo saa mbili pungufu ni za ndani ya treni tu. Ongeza muda wa kutoka nyumbani, wa kufika stesheni mapema na wa kusubiri pale safari inapochelewa, uone utamkuta mtoto macho mara ngapi kwa juma. Mtakuwa mmeupata utulivu wa Morogoro, ila wewe utakuwa unausikia kwa simu.

Hata hivyo sikushauri uitupe fikra yenyewe. Kinachonivutia katika barua yako ni cherehani, kwa kuwa kazi ya mke wako inaweza kuhama leo, na kwamba mtoto hajaanza shule, hivyo hakuna gari la alfajiri linalowafunga kama lile la mama wa Kibamba. Kilichobaki ni kazi yako. Ulizia kama mwajiri wako ana tawi huko au nafasi ya uhamisho, na anza kuwasalimu watu wa fani yako walioko Morogoro kabla hujahitaji msaada wao. Kwa sasa, tumia likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na wengi huimaliza kwa kusimamia ujenzi au kwenda misibani. Pangeni chumba na sebule huko kwa mwezi mmoja, mke wako aende na cherehani yake aone kama wateja wanapatikana, mpike, mfue, mwende sokoni, muone maji yanatoka siku zipi. Mwezi wa kuishi kama wakazi utawajibu vizuri kuliko mimi, na kuliko hao wanaokucheka.

SWALI: Nyumbani kwetu tulikuwa tukila pamoja kwenye sinia. Sasa wanangu wawili wanafanya kazi za zamu, binti anasoma chuo jioni, na chakula kinakaa kwenye hotipoti, kila mtu anakula anaporudi. Nahisi nyumba imekuwa kama mgahawa. Niwalazimishe?
*Mama mzazi, Tanga*

JIBU: Shikamoo mama. Usiwalazimishe, na hotipoti usiilaumu. Ndiyo inayowapa wanao chakula cha moto saa tano ya usiku wakati wewe umelala. Chakula cha usiku kimeshindikana kwa sababu za haki, basi kiache. Waulize wote watatu ni saa gani katika juma zima ambapo hakuna aliye kazini wala chuoni, hata kama jibu litakuwa Jumapili saa moja asubuhi, na saa hiyo utoe sinia. Weka mihogo ya nazi na chai ya tangawizi. Atakayelala awekewe yake kwenye hotipoti kama kawaida, asigombezwe. Harufu ya nazi ikifika vyumbani, utaona wangapi wanatoka.