Unaanza kazi famasi Marekani? Mjue kwanza huyu PBM

Wadogo zangu mnaoanza uteki wa famasi (kumsaidia mfamasia) huku Marekani, mteja akisikia bei atakuwakia wewe. Zoea tu. Bei ile hujaipanga wewe wala mfamasia wako, na mara nyingi hata bima yenye jina kubwa pale juu ya kadi siyo iliyoipanga. Katikati kuna PBM, kampuni inayosimamia mambo ya dawa kwa niaba ya bima na waajiri, na wakubwa ni watatu: CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hao peke yao wanapitisha karibu asilimia 80 ya dawa za kuandikiwa na daktari nchi nzima.

Kwenye kadi ya bima tafuta namba za BIN, PCN (inasaidiana na BIN), Group (kundi la mteja kwenye bima) na namba ya mwanachama. BIN ndo inaipeleka kleimu (ombi la bima ilipie dawa) kwa PBM husika, ukikosea tarakimu moja umeumia. Majibu yanarudi ndani ya sekunde chache, ama kopei (sehemu ya bei anayolipa mteja mwenyewe) ama namba ya sababu ya kukataliwa. 75 ni kwamba dawa inataka kibali kwanza na daktari ndo anatakiwa aombe, 70 haimo kwenye orodha ya dawa wanazolipia, 79 mtu kawahi kuja kuchukua. Usimwambie mteja "bima imekataa" halafu ukanyamaza, mwambie kwa nini na nani afanye nini, hasira inapungua kabisa.

Sasa kwenye rebeti ndo pana mambo. Kiwanda kinamrudishia PBM pesa baada ya dawa kuuzwa, ili dawa yake ikae sehemu nzuri kwenye orodha. PBM wenyewe wanasema hiyo inashusha gharama za bima kwa wote, na kweli nyingi inaenda kwa bima na waajiri, ila rebeti kwa kawaida inapigwa kwa asilimia ya bei ya kitabuni (bei rasmi aliyoitangaza mwenye kiwanda), kwa hiyo dawa ya ghali ndo yenye rebeti nono, na mteja ambaye hajamaliza didaktibo (kile kiasi unacholipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kusaidia) anatozwa kwa ile bei kubwa, rebeti haioni. Kichupa cha Humalog, insulini ya kiwanda cha Lilly, kilikuwa kimefika dola 275 hivi. 2019 Lilly wakatoa insulini ileile bila jina la Humalog kwa nusu bei, na bado watu wengi bima zao ziliendelea kuwapa ile ya ghali. Septemba 2024 FTC, tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, ikawashtaki wale PBM wote watatu kwa ishu ya insulini, wao wakakana.

Siwaiti wezi, mwajiri mdogo hawezi kwenda kupatana na kiwanda mwenyewe, lakini dalali anayefaidika zaidi bei ikipanda mimi simwamini.

Kwa dawa za jenereki (zisizo na jina la kiwanda cha kwanza, bei nafuu) angalia na bei ya keshi, yaani bila bima, kila mara, maana kuna wakati kopei inaizidi. Zamani mikataba mingine ilizuia famasi kumwambia mteja, sheria za Oktoba 2018 zikapiga marufuku hiyo, so we sema. Ila mkumbushe keshi kwa kawaida haihesabiwi kwenye didaktibo, mwenye madawa mengi ya ghali apige hesabu zake vizuri.

Januari jiandae, didaktibo nyingi zinaanza upya na aliyelipa dola 10 Desemba anaweza kukuta mia na kitu. Na ukitaka kumpigia PBM, nyuma ya kadi mara nyingi kuna namba ya wanachama na namba ya famasi, piga ya famasi, ile nyingine utazungushwa mpaka foleni ifike mlangoni.