Kwa mnaoanza urubani: nusu ya kazi ni kukataa

Wadogo zangu mlioshika leseni juzijuzi, na nyie mnaonifuata inbox kuuliza urubani unalipaje, leo niwaambie kazi yenyewe ilivyo maana hizo picha za kusimama mbele ya injini na miwani nyeusi haziwaambii kitu.

Kwanza kwa ambae bado hajalipa ada: nenda kapime afya daraja la kwanza kabla hujauza kiwanja cha mzee. Nipo serious. Daktari wa anga anaetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania (walioko Kenya ni KCAA), atakupima macho, rangi, masikio, moyo, na lolote likigoma hapo ni bora likagoma mapema kuliko umeshamaliza mamilioni. Sijui kwanini vyuo vingi hawaanzi na hili, ila nahisi mnajua kwanini.

Ukitoka chuo una leseni ya urubani wa biashara na masaa kama 200 hivi ya kuruka, na mpaka ufikishe 1,500 ya ATPL, ile leseni ya juu ya urubani, ndo unaanza kufikiria kuwa kapteni wa ndege kubwa. Hapo katikati kwa huku kwetu wengi wanapita kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela moja, Arusha kwenda Serengeti, Dar kwenda Zanzibar, Mafia, Selous huko. Msidharau Caravan. Ndo itakufundisha kazi.

Siku yako inaanza chini, sio juu. Unafika mapema, unasoma hali ya hewa ya unakotoka, unakokwenda na pa kukimbilia kukiharibika, unasoma NOTAM, yale matangazo ya tahadhari kwa marubani, maana kuna siku ranwei inafungwa kwa matengenezo au mafuta hayapo kituo fulani, unafungua kitabu cha ufundi uone fundi kaandika nini na kasaini. Halafu unaizunguka ndege kwa mguu. Hapa wageni wanazunguka kama wanakagua gari la bibi harusi, dakika moja kamaliza. Shika vitu. Kifuniko cha pitot, kile kibomba cha kupimia spidi, kimetolewa? Kamba ya propela imefunguliwa? Ile nguzo ya mkiani inayozuia Caravan isikalie mkia wakati wa kupakia, nani kaitoa na iko wapi sasa hivi? Chuja mafuta kidogo kwenye kichupa uangalie kama kuna maji, kila asubuhi, hata kama fundi kakwambia kashachuja.

Sasa tuje kwenye uzito maana hapa ndo mtajua kama mna roho ya hii kazi. Chukua Grand Caravan ya kawaida, uzito wa juu wa kuruka ni pauni 8,750. Tuseme ndege tupu yenye viti ni pauni 5,000. Zimebaki 3,750. Toa rubani na begi lake 200, zimebaki 3,550. Ukijaza matenki yote ni pauni 2,224 za mafuta, kwahiyo zimebaki 1,326 ambazo ni kama kilo 600. Abiria mmoja na mzigo wake mkadirie kilo 90. Gawanya mwenyewe, ni watu sita na kitu, wakati viti viko kumi na mbili! Kwahiyo kila safari unachagua, mafuta au watu, na ndo maana kampuni za safari zinasema kilo 15 kwenye begi laini. Sio roho mbaya.

Lakini wewe utakuwa uwanja wa vumbi huko porini, gari la kambi limeleta wageni, mmoja ana sanduku gumu la magurudumu linalovutwa na watu wawili, guide anakwambia "aah kaka hawa wageni wa bosi, ndogo tu hiyo", mgeni anakuangalia, saa inakimbia na una vituo vingine viwili mbele. Hapo ndo kazi ya urubani ilipo. Unatabasamu, unasema sanduku litakuja na ndege ya baadae, unamuita mtu wa ofisini alipange, basi. Usigombane, usijieleze dakika kumi, na usije ukasema "leo tu". Guide akishajua wewe ni wa leo tu ataleta friji.

Na msijidanganye kwamba kilo ishirini ni kidogo. Uwanja wa Seronera, huko Serengeti, uko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, ikifika mchana nyuzi 30 ile hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu futi 8,000. Injini inapumua kwa shida, mabawa yanashika kidogo, ranwei ni kokoto na mvua za masika zikipita ni tope linalovuta matairi. Ile ndege ilioruka vizuri Dar asubuhi ufukweni sio hiyo hiyo mchana Serengeti, ingawa rangi ni ile ile. Fungua majedwali ya uwezo wa ndege upige hesabu ya siku hiyo, usikariri ya jana. Na kabla hujatua pita juu kwanza uangalie swala na nyumbu, hao hawasikilizi redio.

Ukihamia ndege za marubani wawili, kuanzia ATR zile za abiria za propela mbili na kuendelea, kukataa kunakuwa kugumu zaidi maana sasa unaemkatalia ni mtu mzima kakuzidi masaa elfu kumi. Pale mmoja anarusha na mwingine anafuatilia, na anaefuatilia sio abiria wa mbele! Anaongea na mnara, anasoma chekilisti, anaangalia spidi, na kazi yake kubwa ni kusema anachokiona. Sisi tumelelewa shikamoo na kunyamaza mkubwa akiongea, ni malezi mazuri nyumbani ila pale mbele yanaua. Kasomeni habari ya ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ukungu mzito, Boeing 747 ya KLM ikaanza kukimbia kuruka bila ruhusa wakati 747 ya Pan Am bado iko kwenye ranwei hiyo hiyo. Fundi aliyekaa na marubani ndani ya ndege ya KLM aliuliza kama wenzao wa Pan Am wameshatoka, kapteni ambae alikuwa mkubwa wa kuheshimika pale kampuni akajibu wameshatoka, na wakaendelea. Watu 583. Mafunzo ya CRM, yaani ya kufanya kazi kwa pamoja mle ndani, mtakayopigwa kila mara, ambayo wengine wanasinzia humo darasani, yametokana na ajali za namna hiyo.

Kwahiyo jizoeze maneno mafupi. "Kapteni, spidi." Kama hajarekebisha, "Kapteni, spidi iko chini, tupae tena." Kama bado kimya, unashika usukani na unasema umeshika. Shikamoo utampa mkishuka. Kapteni mwenye akili atakushukuru, asie na akili atanuna mpaka hotelini, mwache anune.

Hilo la kupaa tena nalo watu wanaliona aibu. Kampuni nyingi zina kanuni kwamba ukifika futi 1,000 kwenye mawingu, au futi 500 kukiwa kweupe, ndege iwe imetulia, spidi sawa, magurudumu chini, flapsi (yale mabapa ya nyuma ya mabawa) tayari. Haijatulia? Unaghairi, unapaa, unarudi kwenye foleni. Abiria watapiga kelele kidogo na mmoja atarekodi video. Mafuta ya hiyo mizunguko ulishayabeba, akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za turbine ndo hiyo hairuhusiwi kuigusa kwenye mipango yako. Kwa wanaoruka Mwanza na Bukoba mtaijua hii mapema, ziwa lile likiamua kuchemsha mawingu halikuulizi ratiba.

Mengine haraka haraka. Umechoka, sema umechoka, kuna kanuni za masaa ya kazi na zimeandikwa kwa ajili hiyo. Pombe, masaa nane ndo kiwango cha chini kabisa na kampuni nyingi zinataka zaidi, mimi nawashauri siku yenye safari kesho msiguse kabisa. Kiingereza cha redio kinapimwa, daraja la 4 ndo la chini na linarudiwa kila miaka mitatu, kwahiyo usiishie kukariri misemo ya mnara, siku injini ikiwaka taa nyekundu utahitaji kujieleza kwa maneno yako mwenyewe.

Na kitabu cha masaa yako ya kuruka kijazwe siku hiyo hiyo, kwa wino, dakika zikiwa za kweli. Siku ya usaili kuna mzee atakifungua katikati, ataweka kidole kwenye mstari mmoja, atakuuliza siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje na ulipita njia gani.